Minazi Saba Isiyogusa Ardhi

Jumanne ya kwanza ya Machi 1984, saa tatu kasoro robo, Easter Kahindi alikuwa wa nne kwenye foleni ya benki mjini Kilifi, mtoto mgongoni na fomu ya mkopo mkononi. Alikuwa ameijaza mwenyewe, kwa herufi alizojifunza kwenye madarasa ya ngumbaru, na mumewe Kalama alikuwa ametia sahihi pale mume anapotakiwa. Aliomba shilingi elfu sita. Huko Kaloleni, mtu aitwaye Musyoka alikuwa akiuza mtambo wa kukamua mafuta ya nazi, wa kuzungusha kwa mkono, naye alikubali kumngoja hadi mwisho wa mwezi. Kwa wakati huo Easter alikuwa akikuna nazi kwa mbuzi tangu alfajiri, akichemsha tui, akipata chupa mbili za mafuta kwa siku na malengelenge yasiyopona.

Karani wa mikopo aliitwa Ndirangu. Alikuwa amehamia kutoka Nyeri miezi minne iliyopita na bado alivaa koti.

"Dhamana?"

"Minazi saba."

"Shamba ni lako?"

"Shamba ni la Bi Kulthum wa Takaungu. Minazi ni yangu. Mama ndiye aliyeipanda, akanipa nilipoolewa."

Ndirangu alicheka, bila ubaya. "Mama, dhamana ni kitu benki inaweza kuuza ukishindwa kulipa. Nitauzaje mti bila shamba?"

"Mbona huuzwa? Juzi tu jirani yangu kauza mmoja. Kalipwa pesa zake, na mnazi uko palepale."

"Kwetu ukinunua shamba umenunua na miti. Mti na ardhi ni kitu kimoja."

"Huko kwenu," Easter alisema.

Alinyimwa mkopo, fomu ikabaki mezani.

Ijumaa asubuhi alipotoka kufagia alikuta minazi yote saba imeinuka kutoka ardhini. Ilikuwa imeinuka kama shibiri moja. Mizizi ilining'inia na udongo kidogo, na mashimo yalikuwa yamejifukia. Easter alifagia chini yake, mahali ambapo ufagio haukuwahi kufika, akatoa vifuniko viwili vya soda na kijiko ambacho kwa mwaka mzima alimsingizia wifi yake. Kuku walipita. Jedida, mwenye miezi kumi na moja, aliingia chini ya mmoja akitambaa, akatokea upande wa pili, na mamake akampangusa magoti.

Thoya mkwezi alikuja kuangua.

"Hii umeirefusha," alisema. "Bei ni ileile lakini safari imezidi."

"Nitakuongeza dafu moja."

"Mawili."

"Moja, na ushukuru."

Thoya akaruka, akaudaka mnazi, akakwea.

Jumanne iliyofuata Easter alirudi benki na fomu ya pili, akaeleza kwamba minazi yake sasa haimo katika shamba la mtu. Ndirangu aliazima baiskeli, akaja na rula. Alipitisha faili chini ya kila mnazi, kutoka upande huu hadi ule, mara saba. Alipima inchi tisa, akaandika.

"Haigusi," alikubali.

"Basi?"

"Sasa kuna shida nyingine. Fomu inataka namba ya kiwanja. Hewa haina namba."

"Ulisema dhamana ni kitu cha kuuzwa. Hizi haziuziki?" Easter alimwonyesha nazi zilizosongamana juu.

"Ningekuwa mimi ndiyo benki, ningekukopesha leo," Ndirangu alisema. "Lakini mimi ni karani." Alivua koti, akanywa dafu, akalipa, akaenda.

Siku mbili baadaye alifika Bi Kulthum, ambaye kila mwaka alipokea shilingi sitini za ijara ya ardhi ilipo minazi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata ijara yangu."

"Ijara ya nini tena, Bi? Hebu tazama."

Bi Kulthum alipitisha bakora chini ya mnazi wa kwanza na wa pili. Kisha akainama kwa taabu, akatazama mwenyewe. "Kweli. Siwezi kukudai hewa." Akagusa ardhi kwa bakora. "Lakini kivuli chalala kwangu."

"Basi kidai kivuli chenyewe, Bi."

Bi Kulthum alicheka hadi buibui likamteleza. "Una mdomo, wewe! Haya, mwaka huu nimekusamehe. Wanangu wakijua wataninunia."

Mwisho wa mwezi alirudi, safari hii na barua. Alisoma Kurani bila kusita, lakini herufi za benki hakuzijua, na mambo yake ya pesa hakupenda wanawe wayasome kwanza. Easter alimkalisha kwenye mkeka, akamsomea taratibu. Benki ilikuwa imemkubalia mkopo wa shilingi elfu hamsini, ajenge vyumba vya kupangisha huko Kikambala. Dhamana ilikuwa ekari mbili, pamoja na minazi saba inayozaa. Sahihi ilikuwa ya Ndirangu.

Easter alirudia kusoma pale penye minazi.

"Sikuitaja mimi," Bi Kulthum alisema. "Wallahi, mwanangu, sikuitaja."

"Najua, Bi. Wameitaja wao."

Kesho yake Easter alisimama mbele ya meza ya Ndirangu. Minazi ilikuwa imeshafika usawa wa kiuno.

"Miti yangu imegusa ardhi lini?"

Ndirangu alipanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa. "Kwenye fomu ya Bi Kulthum, inagusa."

"Na kwenye yangu?"

"Kwenye yako haina mahali."

"Nipe fomu nyingine."

"Mama, si ulisema Musyoka anangoja mpaka mwisho wa mwezi tu?"

"Kauza jana. Kuna mitambo mingine duniani. Lete fomu."

Alimpa. Easter aliketi kwenye benchi la wateja, akamgeuza Jedida mbele, akamnyonyesha huku akiandika. Alijaza jina, umri, kazi, na kiasi kilekile cha elfu sita. Pale pa namba ya kiwanja, ambapo mara mbili alipaacha wazi, aliandika kwa herufi kubwa, akikandamiza kalamu: MINAZI NI YANGU. MMEKWISHA KUIHESABU.

Ndirangu aliisoma, akaipiga muhuri wa kupokelewa, akaiweka juu ya zile mbili za kwanza, akamwita aliyefuata.