Ritani ya Marehemu

Mambo yaliniharibikia Jumatatu ya tarehe mbili Machi, asubuhi, nilipokwenda kukata leseni ya karakana yangu ya makochi. Karani wa leseni alibonyezabonyeza kompyuta yake, akaniambia namba ya kodi ya biashara imefungiwa. Nikamalizane kwanza na watu wa kodi, ndipo nirudi. Bila leseni, mwisho wa mwezi wanakuja kutia kufuli lao mlangoni, na humo ndani mna cherehani yangu, sponji na makochi ya watu.

Namba ile ni ya mke wangu. Yeye ndiye aliyesoma, ndiye aliyeisajili karakana, na kila mwaka ndiye aliyekaa na simu akiwatumia hesabu zao. Mimi kazi yangu mbao, vitambaa na misumari. Alipougua nilifunga ili nimuuguze. Alipofariki nikaendelea kufunga, sikuwa na mikono ya kazi. Sasa mtu ambaye hajauza hata stuli atozwe kodi ya nini? Na mwenye namba akishazikwa, namba yake si imekwenda naye? Hivyo ndivyo nilivyojua, na hakuna mkubwa aliyekuja kuniambia vingine. Kuja kufunga mlango, njia wanaijua. Kuja kueleza, wanapotea.

Nikaenda ofisi ya kodi na shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ambaye anajua kusoma vizuri na kusema kupita kiasi. Dirishani tulimkuta binti mmoja mpole.

"Baba, kodi hudaiwi. Hii ni adhabu ya kuchelewesha ritani, ile taarifa ya mapato ya mwaka."

"Mapato yapi, nami nilifunga?"

"Hata ukifunga unaileta. Kama hukupata kitu, unaleta ritani ya sifuri."

"Sifuri naileta kwenye mfuko gani, binti yangu?"

Foleni nzima ikacheka. Shemeji akadakia, "Mpelekee mfuko mtupu, shemeji. Nyumbani unayo mingi."

Yule binti naye alicheka, kisha akaeleza. Kompyuta haijui kama hukuuza. Inajua tu kwamba umenyamaza, na kila mwezi unaonyamaza inaongeza adhabu. Dawa ni kuwasilisha sifuri leo hii ili adhabu isimame, halafu kuomba isamehewe, cheti cha kifo kikiwa mkononi. Na mwenye namba akifariki, familia inatoa taarifa mapema, namba yake inafungwa, anayeendelea na biashara anachukua yake.

"Yaani kufa nako kuna fomu?"

"Ipo, baba. Dirisha linalofuata."

Ndipo nilipoipata elimu hiyo, nimesimama kwenye foleni, adhabu ikiwa imeshanenepa. Wangetaka nijue, wangenitumia ujumbe kama wanavyotuma wa kudai.

Sifuri ikapokelewa. Shemeji akaanza kunisomea fomu ya kuomba msamaha.

"Sababu ya kuchelewa. Tuandike nini? Mhusika yuko kaburini?"

"Ni dada yako huyo."

Akaandika "alifariki", taratibu, kwa mwandiko mzuri.

Chini palikuwa na mstari wa sahihi. Nikatia yangu. Binti akaitazama, akatikisa kichwa.

"Baba, hapa anasaini mwenye namba."

"Cheti cha kifo umekishika mkononi, binti."

"Ninacho. Lakini fomu haina pengine pa kusaini."

"Basi niambie. Kama mkosaji ni mimi, sahihi yangu mnaikataaje? Kama ni yeye, mlango wangu mnaufungiaje?"

Binti akaangalia fomu, akaniangalia, akapanda nayo ghorofani kwa mkubwa wake. Aliposhuka alisema mkubwa yuko kikaoni, amesema niache namba ya simu.

Niliacha. Nimerudi mara tatu, na binti huniona tangu mlangoni, akaanza kutikisa kichwa kabla sijafika. Adhabu haiongezeki tena, lakini namba bado imefungiwa, na mwezi unakwisha Jumanne. Kwa hiyo nawauliza wakubwa wa ghorofani, kwa adabu yote: aliyechelewa ni nani, marehemu au mimi?