Bwana Aliyebeba Sanduku

Kama kulikuwa na jambo la kumfanya Fundi Sponji aweke nyundo chini kabla ya saa ya chakula, basi ni mtu kusema mbele yake kwamba ile filamu ya kituo cha treni ni filamu nzuri. Na katika karakana ile ya makochi kulikuwa na mtu mmoja tu wa kulisema hilo. Alilisema kila wiki, kwa makusudi, huku anatunga uzi kwenye sindano kama vile hajasema kitu.

Mtu huyo ni Bi Pindo, mshonaji. Fundi alishughulika na mbao, springi na sponji. Bi Pindo alikata na kushona kitambaa cha kuvisha kochi. Wote wawili walikuwa wamefiwa na wenzi wao zamani, watoto wao walishakua wakaenda zao, na wote wawili walikuwa na ugonjwa wa filamu usio na dawa. Walikuwa na televisheni ndogo juu ya rafu, katikati ya makopo ya gundi, na mchana kazi ikipungua waliiwasha, wakaketi kwenye makochi ya wateja na kubishana. Hawakuwahi kupatana juu ya filamu hata moja.

Ile ya treni ilikuwa imezoa tuzo mpaka basi, na watu walikuwa wakitoka kuitazama macho yamevimba. Bwana mmoja anampenda bibi mmoja filamu nzima na hasemi. Mwishoni bibi anahama mji. Bwana anambebea sanduku mpaka ndani ya behewa, analipandisha juu, anashuka, anapunga mkono, treni inaondoka. Basi, imeisha. Bi Pindo aliililia kila ilipoonyeshwa, akapenga kamasi kwa vipande vya kitambaa vilivyobaki.

Fundi alisema imesifiwa kupita kiasi. Lile kochi la sebuleni kwa yule bibi, alisema, tunaambiwa ni urithi wa nyanya yake, mbona misumari yake inang'aa kama imepigiliwa jana? Lakini hilo angelisamehe. Lililomkera hasa ni yule bwana mwenyewe. Mtu ana mdomo, ana muda wote duniani, na anakaa kimya mpaka mwisho, halafu anambebea sanduku! Anamsaidia kuondoka! Huyo, alisema Fundi, si mpenzi, huyo ni mchukuzi.

Bi Pindo naye hakuwa mtu wa kuonewa. Kipenzi cha Fundi kilikuwa ile filamu ya rubani, nayo ina tuzo zake. Ndege inawaka moto, bawa limekatika, abiria wamezirai, lakini shati la rubani bado lina mstari wa pasi mkononi. Bi Pindo alitaka aambiwe hicho ni kitambaa gani, akanunue jora zima. Fundi alicheka mpaka mbavu zikamuuma, kisha akanuna kwa sababu amecheka.

Sasa kuna jambo moja la kazi hii mtu alijue. Unapopigilia kitambaa kwenye kochi, mkono mmoja unakivuta na mwingine umeshika nyundo, kwa hiyo misumari midogo inakaa mdomoni, unaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi. Na mwenye misumari mdomoni haongei. Bi Pindo aligundua mapema kwamba hoja ikimwelemea Fundi, mkono wake unakwenda kwenye kopo la misumari. Akishajaza mdomo, anagonga. Bi Pindo alikuwa akimwambia, "Haya, umemeza jibu," na ubishi wa siku hiyo ukahesabiwa umekwisha, kashinda yeye.

Ikawa mdogo wake Bi Pindo, jamaa mmoja mcheshi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akafungua duka la mapazia katika mji wa mbali, akamtaka dada yake akalisimamie. Kazi ya heshima, chumba chake mwenyewe, dirisha kubwa lenye mwanga wa kushonea. Bi Pindo alimweleza Fundi habari hizo asubuhi moja, polepole, bila kumtazama. Mwisho akauliza, "Wewe unaonaje, Fundi?"

Fundi Sponji alimpenda Bi Pindo, tusizungukezunguke. Alimpenda tangu siku ile bibi huyo alipofumua vazi zima la kochi lililokwisha kushonwa, ati kwa kuwa maua ya mgongoni hayakukutana na maua ya kikalio, na mteja mwenyewe wala hakuwa ameliona. Jibu lilikuwa tayari kifuani mwake kwa muda mrefu. Na akafanya nini, mtu mzima yule? Akachota misumari. Akajaza mdomo, akaanza kugonga kiti ambacho kilikuwa kimekwisha kugongwa. Bi Pindo alisubiri. Kisha akarudi kwenye cherehani yake, na safari hii hakumwambia kwamba amemeza jibu. Hilo ndilo lililomuuma Fundi kuliko yote.

Siku zilizofuata alijihubiria mwenyewe. Mimi ni nani wa kuzuia riziki ya mtu? Mtu akipata nafasi nzuri, mtakie heri aende. Maneno hayo yalisikika ya busara sana, na aliyarudia mpaka akakaribia kusahau kwamba ni woga mtupu.

Bi Pindo akamkubalia mdogo wake, na siku ya kuhama ikafika. Fundi alikuwa akipigilia mgongo wa kiti, na aliposikia gari dogo la mizigo likisimama nje akaongeza misumari mdomoni. Yule mdogo mtu aliingia akisalimia kwa sauti yake ile, akatoa nje mabegi ya dada yake, akatoa mafurushi. Ilipobaki cherehani na meza yake ya chuma akasema, "Mzee wangu, hebu nishikie upande huo, hii peke yangu itaniua."

Fundi ni mtu wa adabu. Aliweka nyundo, akashika. Wakaibeba, wakapita kati ya mbao na marobota ya sponji, wakaufikia mlango. Nje, kando ya gari, Bi Pindo alikuwa amesimama na mkoba wake, akiwatazama. Fundi akauona uso wake. Aliufahamu uso huo vizuri, ameuona mara nyingi mbele ya ile televisheni ya kwenye rafu, pale bwana anapopandisha sanduku. Akainamisha macho, akatazama alichobeba mikononi mwake.

Miguu ikagoma. Yule mdogo mtu akavuta, Fundi hasogei. Akauliza kama mzee amechoka. Fundi akatikisa kichwa. Kuachia hawezi, cherehani itamvunja mwenzake miguu. Kusema hawezi, mdomo umejaa chuma. Akasimama pale kizingitini, mashavu yamevimba, machozi yanamlengalenga. Mwishowe akaanza kuinama taratibu, na mwenzake hakuwa na la kufanya ila kuinama naye, mpaka cherehani ikakaa chini. Kisha akaitema misumari kiganjani, mmoja mmoja, kwa kuwa misumari si kitu cha kutema kwa pupa. Wakamsubiri.

"Usiende," alisema. "Kazi ya huko ni nzuri, siwezi kusema si nzuri. Lakini nakupenda, Bi Pindo. Nakuomba ubaki, tuoane. Ukikataa, cherehani hii nitaipandisha na kamba nitaifunga mwenyewe. Ila siibebi hatua nyingine kabla sijasema."

Mdogo mtu akageuka akawa anayakagua magurudumu ya gari lake. Bi Pindo alifungua mkoba, akatoa leso, akamkaribia Fundi. Hakujifuta macho, ingawa yalihitaji kufutwa. Alimfuta yeye mate yenye kutu pembeni mwa mdomo, bila haraka.

"Siku ile nilikuuliza ili uniambie hivyo hivyo," alisema. "Sasa ukubali kwamba ile ni filamu nzuri."

Fundi alifikiri. Uongo mdogo wakati huo usingemdhuru mtu. Lakini hakuweza.

"Imesifiwa kupita kiasi," alisema. "Yule bwana mdomo wake ulikuwa mtupu."

Bi Pindo alicheka mpaka akashika mlango wa gari asianguke. Alipopata pumzi akamwambia mdogo wake kwamba mapazia atayashonea hapahapa, yeye awe anatuma gari, na duka atafute mtu mwingine wa kulisimamia. Mdogo mtu alijikuna kichwa, akatazama mafurushi yote aliyoyapanga kwa jasho lake, akaguna. Kisha akarudi mlangoni, akainama upande wake wa cherehani.

"Haya, shika huko, shemeji," alisema. "Tunairudisha ndani."