Mwalimu wa Kuzamisha

Hakuna aliyejua ubatizo kama Cleopa. Na kama huamini, ungemuuliza yeye mwenyewe. Mwaka ule wa sabini na nne, watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, wanafunzi wa chuo kidogo cha Biblia nje ya Kilosa walilima mahindi asubuhi, wakasoma mchana, na jioni Cleopa, mwanafunzi mwenzao, akawapanga kwenye majani makavu awafundishe kuzamishana. Kitambaa puani, mkono mmoja mgongoni, magoti yakunjwe. Mwenzake Timotheo, mtu mwembamba wa Masanze, alimwangusha kila aliyemshika, na Cleopa akamcheka mpaka akakaa chini. Waliobatizwa kwa kunyunyiziwa aliwaita walioloa nywele. Lo, maneno alikuwa nayo!

Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuzamishwa. Alizaliwa Mamboya, kwa Waanglikana, akatiwa matone matatu akiwa mchanga. Alipoomba chuo, fomu iliuliza kama amebatizwa, naye akajaza kwamba amebatizwa. Uongo? Hata kidogo, alijiambia. Akakaa na siri yake miaka mitatu, na kadiri ilivyomwasha ndivyo alivyohubiri maji kwa sauti kubwa zaidi. Debe tupu haliachi kuvuma.

Sasa kanisa la Mikumi lilikuwa likimtaka awe mchungaji. Lilibaki jaribio la mwisho tu: Jumapili abatize watu mtoni Mkondoa, mbele ya mkuu wa chuo na wazee wa Mikumi. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa mkewe, Yudith, aliyekulia naye kilima kimoja na aliyejua kila kitu. Jumamosi, akichambua maharage, Yudith alimwambia taratibu:

"Baba Fausta, mtu mkavu hawezi kunizamisha."

Cleopa alijitetea kwa Kiyunani. Yudith aliendelea kutoa vijiwe.

Jumapili Cleopa akasimama mtoni, maji kiunoni, akaita jina la mkewe. Yudith hakusogea. Aliyefuata alikuwa Bibi Siwema, tayari kabisa, na angemwita yeye mambo yangepita salama. Cleopa alifungua kinywa amwite, akaona aibu mbele ya mkewe, akamgeukia mkuu wa chuo.

"Mkuu," alisema, "mimi sijazamishwa. Nilitiwa matone tu, nikawaficha."

Wazee wa Mikumi wakatazamana. Mkuu hakufoka. Alisema Mikumi atakwenda Timotheo, kisha akamwagiza Timotheo aingie majini aanze na huyo aliyemo.

Iliuma, asikudanganye mtu. Miaka mitatu ya kukesha na vitabu, na kanisa alilokwisha kuliota, vyote vikaenda na maji. Timotheo alimshika, akamwachia kama gunia la mahindi. Cleopa akaunywa Mkondoa, akaibuka akikohoa, tope hadi masikioni. Wanafunzi walijiuma midomo wasicheke, na kwa kweli walikuwa na haki ya kucheka.

Ndipo Yudith akashuka majini. Timotheo alinyoosha mkono ampokee; Yudith akampita, akaenda kusimama mbele ya mumewe.

"Sasa," alisema.

Mkuu wa chuo akageuka, akawa anatazama ng'ambo ya mto kama asiyeona. Cleopa akamwekea kitambaa puani, mkono mmoja mgongoni. Alimzamisha mkewe, akamwinua, akalia mbele ya watu wote.