Walipobadilishana Viti

Mkojo ulikuwa umembana tangu walipotoka ghalani, na sasa, kwenye kichochoro nyuma ya ghorofa za wapangaji, Mgeni, aliyeshika usukani, alikuwa haoni tena njia, anaona choo tu. Karibu na usukani kulikuwa na kidude cheusi kilichompelekea meneja habari kila gari liliposimama. Dereva aliyesimama bila sababu alipigiwa simu papo hapo, aulizwe kama amepata ajali au amepata mchumba. Madereva wa siku nyingi walijibu walivyotaka. Mgeni alikuwa kwenye miezi ya majaribio, na kwa hiyo alijibana tangu asubuhi.

"Mgeni" ndilo jina walilompa siku ya kwanza, kama walivyompa kila aliyemtangulia. Jina lake halisi wangelijifunza akithibitishwa kazini, walimwambia. Kabla ya hapo ni kujisumbua bure. Kwenye kiti cha pembeni alikaa Baba Mapacha, dereva mkongwe aliyepewa kazi ya kumfundisha, mtu wa maneno mengi na haraka kidogo.

"Hapa pabaya," Baba Mapacha alisema. "Ngoja nishuke nikuongoze."

"Naona, baba."

"Huoni kitu. Ngoja, nimekwambia."

Mgeni hakungoja. Alitia gia ya nyuma, akakanyaga mafuta, na gari likaenda kujipigiza ukutani. Taa ilipasuka, mlango wa nyuma ukabonyea, na ndani ya bodi kabati jipya la vioo, mali ya mteja, likaanguka kwa kelele zilizochukua muda kuisha. Mkojo nao, uliokuwa umevumilia yote hayo, ukamtoka kidogo kwenye suruali.

Baba Mapacha alishuka, akazunguka gari, akarudi. Aliona suruali, akatazama pembeni.

"Shuka," alisema. "Njoo ukae huku kwangu."

"Baba, nisamehe, mimi..."

"Nani amekuomba radhi? Nimesema shuka. Wewe wakikukuta hata na mkwaruzo, kesho huna kazi. Mimi watanifokea, watanikata siku mbili tatu, yataisha. Nina karibu miaka ishirini hapa, kijana. Kampuni hii imenikuta na nywele nyeusi."

"Hapana, baba," Mgeni alisema. Alisema mara moja tu. Na wakati anasema, mguu wake ulikuwa umeshagusa chini. Alikuja kuukumbuka mguu ule kuliko alivyoukumbuka ukuta, kwa sababu ulishuka kabla hajaupa ruhusa.

Ofisini, meneja alikuwa na sauti ya upole, aina ya mtu anayekukaribisha kiti ndipo akuharibie siku. Alimsikiliza Baba Mapacha mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamgeukia Mgeni.

"Nani alikuwa anaendesha?"

Mgeni aliwaza sebule ya mama mkwe wake. Humo ndimo alimolala, yeye, mkewe na mtoto, godoro likitandikwa chini usiku na kukunjwa alfajiri. Kila asubuhi mama mkwe alikohoa mlangoni kabla ya kupita kwenda jikoni, ili mkwewe apate kujifunika vizuri. Akithibitishwa wangepanga chumba. Alikuwa amekwisha kukichagua, hata mahali pa kuweka kitanda alikuwa anapajua.

"Baba Mapacha," alisema.

"Baba Mapacha nini? Sema nikusikie."

"Ndiye aliyekuwa anaendesha."

"Asante sana. Umenisaidia."

Meneja hakumkata Baba Mapacha mshahara wa siku mbili tatu. Alimfukuza kwa uzembe, na mwenye kufukuzwa kwa uzembe hapati kiinua mgongo. Alilitamka hilo taratibu, kama anayemsomea mgonjwa dawa zake.

"Kiinua mgongo changu?" Baba Mapacha aliuliza. "Cha miaka yote hii? Bosi, nina mabinti wawili chuoni."

"Najua, mzee wangu. Inaniuma. Lakini sheria si yangu."

Baba Mapacha akageuka kumtazama Mgeni. Hakumtazama kwa hasira. Laiti ingekuwa hasira. Alimtazama kwa kusubiri tu, nyusi zimeinuka kidogo, kama mtu aliyeuliza swali dogo na anajua jibu linakuja. Feni ilizunguka. Mgeni akainamia viatu vyake, akavitazama mpaka aliposikia mlango unafunguliwa na kufungwa.

Kesho yake alipewa gari peke yake. Mama mkwe aliposikia alipiga vigelegele pale pale jikoni, akamwita "baba" kwa mara ya kwanza tangu wahamie kwake. Jioni Mgeni alimweleza mkewe yote, uani, wakianua nguo.

"Nenda ukaseme," mkewe alisema bila kufikiri. "Mungu wangu. Nenda kesho ukaseme."

"Nitakwenda."

Mkewe aliendelea kuanua. Alikunja shati la mtoto, akalikunjua, akalikunja tena.

"Au usubiri kwanza wakuthibitishe," alisema, safari hii bila kumtazama. "Ukishathibitishwa hawawezi kukufanya kitu. Ndipo useme."

Lilikuwa wazo zuri na ndiyo maana lilimtia aibu, maana alikuwa nalo yeye mwenyewe tangu asubuhi. Akasubiri. Kazini alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Aliendesha gari kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. Mara mbili alitaka kumpigia Baba Mapacha simu. Mara zote mbili aliitafuta namba, akaiangalia, akairudisha simu mfukoni. Angemwambia nini? Kwamba vumilia kidogo baba, nasubiri mambo yangu yanyooke?

Siku ya mwisho ya majaribio meneja alimwita. Mgeni aliingia na maneno yake ameyapanga, na ili yasimponyoke aliyamwaga kabla hajakaa.

"Bosi, siku ile niliyekuwa naendesha ni mimi. Mzee alinisitiri tu. Mrudishieni haki yake."

Meneja hakushtuka. Alitabasamu, tena kwa huruma.

"Kaa chini. Unadhani sijui? Kichochoro kile kina duka, duka lina kamera. Niliwaona mnavyobadilishana viti hata kabla hamjarudi hapa."

"Ulijua?"

"Mzee ana mkataba wa zamani. Unajua watu wa mikataba ile wanatugharimu kiasi gani? Nilikuwa natafuta namna. Mkaniletea wenyewe, yeye kakiri, wewe shahidi. Mimi ni nani niwabishie?"

"Sasa je, si nimekwambia ukweli?"

"Umeniambia kwamba ulinidanganya." Sauti ilikuwa ile ile ya upole. "Nikilipeleka hilo juu, yeye harudi, na wewe unatoka. Lakini mimi si mbaya. Nimekuongezea miezi mitatu ya majaribio. Tuangaliane kwanza."

Mgeni alisema asante. Lilimtoka hivyo hivyo, asante bosi, akafunga mlango taratibu usigonge.

Kila asubuhi vibarua walikusanyika getini, na kila dereva aliyekuwa peke yake alimchagua mmoja wa kumpandishia mizigo kwa wateja, kwa sababu dereva haruhusiwi kuliacha gari. Asubuhi iliyofuata Mgeni alishusha kioo na kumwona Baba Mapacha amesimama kati ya vijana, amevaa shati lile lile la kampuni. Alikuwa amefumua nembo, na pale kifuani pamebaki kipande cha rangi isiyopauka. Vijana walipunga mikono na kupiga miluzi. Yeye alisimama tu.

Mgeni alimnyooshea kidole. Hakuwa na namna nyingine ya kumwita, ndivyo ilivyofanywa.

"Baba, shikamoo. Kaa huku mbele."

"Marahaba. Kibarua hakai mbele," Baba Mapacha alisema, akaenda kupanda nyuma na mizigo.

Mzigo wa kwanza ulikuwa friji, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Baba Mapacha alijifunga mkanda kifuani, akainama, akaiinua mgongoni, akaingia mlangoni kwa ubavu. Kutoka kwenye gari Mgeni aliweza kuona ngazi kupitia matundu ya ukuta. Aliona miguu ikipanda ghorofa ya kwanza. Ya pili miguu ilikwenda polepole. Kabla ya ya tatu ilisimama, na ikabaki imesimama.

Simu ikalia.

"Mbona hutembei?" meneja aliuliza.

"Kibarua bado yuko juu, bosi. Ni mtu mzima kidogo."

"Nani alikuchagulia mtu mzima?"

Mgeni aliihamishia simu sikio la pili.

"Una miezi mitatu tu, kumbuka. Mharakishe."

Simu ilikatika. Kwenye matundu ya ukuta miguu ilikuwa bado haijasogea. Mgeni alifungua mlango wa gari, akautazama, akaufunga. Akaweka kiganja juu ya usukani. Akapiga honi.

"Nakuja, bosi," sauti ilijibu kutoka kwenye ngazi, pumzi imekatika. "Nisamehe, bosi. Nakuja."