Tangi la Kushoto

Sirad alitia maji katika gari la mkwewe kwa moyo mweupe kabisa, na baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Lilikuwa gari la Kiingereza, jeusi, refu, la kina bwana wakubwa wa zamani. Abdimalik, mkwe mwenyewe, mfanyabiashara wa ng'ombe wa Garissa, alilinunua Nairobi kwa mjane wa wakili mmoja, na siku alipolileta Balambala kijiji kizima kilitoka nje. Watu walizoea malori ya mifugo na Landrova za serikali, vyombo vinavyojitangaza kabla havijafika. Hili liliingia kimya kimya, mbuzi wakashtukia pua yake imeshawafikia. Abdimalik hakuwa mtu wa maneno mengi, ila umtajie gari lake, basi umefungulia bomba. Alifungua boneti injini ikiwaka, akasimamisha shilingi wima juu yake, na shilingi isianguke. Akawaonyesha wazee ubao wa dashibodi, mti mmoja uliopasuliwa mwembamba na kufunuliwa kama kitabu, michirizi ya kushoto pacha wa ile ya kulia.

"Fundi alikaa na ubao huu mpaka akaridhika," alisema. "Wallahi, hii si kazi ya mashine. Ni ya mtu."

Sirad aliyasikia hayo nyuma ya ukuta wa mikeka. Yeye alikuwa mama wa mke, na mama wa mke mwenye adabu hamtazami mkwewe usoni, hali naye, wala hamtaji kwa jina. Akiwa na neno humwambia binti yake, na binti ndiye anayelifikisha, hata kama wote watatu wamo chumba kimoja. Nurto, binti mwenyewe, alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua mimba ya kwanza, kama ilivyo desturi, na Abdimalik alikuja kumjulia hali.

Uchungu ulianza alfajiri. Jua lilipopanda, mkunga Arbia alilipapasa tumbo mara mbili, akanawa mikono bila kumtazama mtu.

"Mtoto amelala mkingamo," alisema. "Huyu hatoki ila kwa kisu cha daktari. Mpelekeni Garissa, na mwende sasa hivi."

Kila mtu akakimbia upande wake. Abdimalik alitandika mablanketi kwenye kiti cha nyuma, wanawake wakamshika Nurto, naye Sirad akabaki anatafuta la kufanya. Ndipo alipoviona vifuniko viwili vinavyong'aa, kimoja kila ubavu wa gari huku nyuma. Moyo wake ukatulia, maana jambo hilo alilijua. Kila lori lililopita Balambala lilibeba dizeli ubavu mmoja na maji ubavu wa pili, na hakuna dereva mwenye akili aliyeianza njia ile bila maji. Kifuniko cha kulia kilikuwa kimefungwa kwa ufunguo. Cha kushoto kilifunguka kwa kidole. Akamimina jerikani zima la maji ya mto. Harufu ya petroli aliisikia, lakini gari zima lilinuka hivyo. Akafunga kwa bismillahi, akapanda nyuma, akakipakata kichwa cha binti yake. Wema hauozi, husema watu.

Gari lilikwenda kama linaelea. Mashimo ambayo yangemrusha Nurto hadi afe kama angepanda lori, hili liliyameza moja baada ya jingine. Abdimalik aliendesha huku akisema na mkewe bila kukoma, kwa kuwa Arbia alimwagiza asimwache alale.

"Nurto, unanisikia? Usiogope kuishiwa njiani. Hili lina matangi mawili ya petroli, moja kila ubavu. La kulia litatufikisha kule mbele ya kijiji cha Saka. Likiisha, nabonyeza kitufe hiki tu, la kushoto linapokea. Waliolitengeneza walifikiria kila kitu."

Mkono wa Sirad, uliokuwa ukimpapasa bintiye nywele, ulisimama.

Yote mawili ni ya petroli! Alihisi baridi, na jua lile la kuchoma mawe.

"Nurto," alinong'ona. "Mwambie mumeo..."

Uchungu ukamkamata Nurto, akauma ncha ya shuka mpaka ukapita. "Nimwambie nini, hooyo?" alimuuliza mama yake.

Sirad akajiuliza. Mama mkwe gani huyo, aliyetia mkono kwenye mali ya mkwewe bila kuulizwa, akaiharibu, na sasa amtume mtoto aliye mahututi akaombe radhi? Labda maji yangejikalia pembeni huko. Labda tangi la kulia lingetosha. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na hapa aliyekuwa anazaa ni mwingine.

"Mwambie aendeshe vizuri," alisema.

Kutoka hapo hakuona njia wala vichaka. Aliona mshale mdogo mweupe wa petroli kwenye ule ubao mzuri, unavyoshuka. Kila uliposhuka alijiambia atasema sasa, na kila mara Nurto alilia, naye akashukuru kwa siri kwamba kilio kile kimemzuia. Alijichukia kwa shukrani hiyo. Wakaipita Saka. Abdimalik akanyoosha kidole, akabonyeza.

Gari likaendelea. Sirad alianza kusema alhamdulillahi, na hakuimaliza. Injini ilikohoa, ikatikisika, ikazima. Wakasimama katikati ya vichaka vya miiba, mahali ambapo majambazi walikuwa wameteka lori mwezi uleule, na ambapo hakuna aliyesimama kwa hiari yake.

Abdimalik alirudisha tangi la kulia. Lilitema matone yake ya mwisho, basi. Akafungua boneti. Akachomoa plagi, akazifuta kwa shati lake, akazirudisha. Stata ililia, injini haikuitika. Akakagua nyaya, akapuliza mipira, akashika tena plagi zilezile. Alikuwa anatafuta ugonjwa mahali ambapo haukuwapo, na Sirad alimtazama kupitia kioo, na jasho lilimtoka kama anayefanya kazi yeye.

Kisha Nurto akaacha kulia.

"Nurto! Nurto, mwanangu!" Macho yalikuwa nusu wazi na hayakumjibu. Hakukuwa tena na mtu wa kulibeba neno.

Sirad alikiweka kichwa cha bintiye juu ya blanketi, akashuka, akaenda moja kwa moja mbele ya gari. Shuka lake lilikuwa limeanguka mabegani, hakulipandisha.

"Abdimalik!"

Kwa mazoea akageuza uso haraka.

"Nitazame. Nilitia maji kwenye tangi la kushoto, jerikani zima. Nilidhani ni la maji. Na nimejua kosa langu tangu ulipokuwa ukimweleza mkeo."

Akamtazama. Kwa miaka yote ya ndoa ile hawakuwahi kuonana macho, na alichokiona Sirad machoni mwa mkwewe hakutaka kukiona tena. Kikapita.

"Maji hukaa chini, eeddo," alisema, akimwita kwa neno la heshima la shangazi. "Petroli huelea juu yake. Chini ya tangi kuna nati ya kumwagia uchafu."

"Kama samli juu ya maji."

"Ndiyo. Njoo unisaidie."

Wakalala kifudifudi vumbini, mama na mkwewe, bega kwa bega, jambo ambalo Balambala ingelisimulia mpaka kiyama. Abdimalik alilegeza nati kwa spana, Sirad akakinga viganja. Yakaja maji, yakaja mengi, akawa anainusa mikono yake kila mara. Halafu kikaja kitu chepesi kilichomchoma mchubuko wa kidole.

"Funga!"

Abdimalik akafungua vikombe vya kabureta, petroli inakopitia kwenda injini, naye Sirad akayakausha maji yake kwa ncha ya shuka. Mkwe hakuinua sauti hata mara moja. Sirad alitamani amgombeze. Injini ilikataa, ikakataa tena, kisha ikashika. Wakaondoka, na safari hii Abdimalik hakuyaepuka mashimo.

Hospitalini walimkimbiza Nurto ndani. Aliokoka. Mtoto alikuwa wa kiume, kamili wa viungo vyote, hana pumzi.

"Mngewahi kidogo tu," alisema muuguzi, akainama kukunja shuka.

Nurto alipozinduka aliambiwa kuhusu mtoto. Mkono wake ulikuwa mkononi mwa mama yake. Abdimalik alisimama mlangoni, uso ameugeuzia ukutani, kama adabu inavyotaka.

"Nakumbuka tulisimama," alisema Nurto. "Hooyo, tulisimama kwa nini?"

"Gari liliharibika," alijibu Abdimalik upesi, kabla Sirad hajavuta pumzi. "Ni zee lile. Nilidanganyika na mbao. Nitaliuza."

Hakuna aliyewahi kumsikia akilitukana gari lile. Sirad alielewa amepewa nini: akinyamaza, jambo litaishia hapo. Na kunyamaza alikujua vizuri.

"Hapana," alisema, akimtazama mkwewe. "Gari lilikuwa zima."

Akamgeukia binti yake, akamweleza yote, kifuniko, jerikani, mshale uliokuwa ukishuka, na kwamba alijua na hakusema. Nurto alisikiliza mpaka mwisho. Mkono wake haukubana wala haukuondoka. Ulikaa tu pale, mzito, mkononi mwa mama yake.