Mgomba Uliozuia Maji

"Bwawa gani halina maji? Hilo ni shimo!"

"Mwenyekiti, ni la kuzuia mafuriko. Likijaa kabla ya mvua, maji ya mvua yatakaa wapi?"

"Yatajua yenyewe. Mgeni rasmi anakuja kuzindua bwawa, hazindui shimo. Elick, acha ubishi."

Huyo ndiye Desderius, mwenyekiti wetu wa kitongoji. Kibanja changu cha migomba na kahawa kiko chini kabisa ya tuta la bwawa. Tuta likipasuka, mimi ndiye wa kwanza kuhama, na sina pa kwenda. Mhandisi alipomaliza kazi alituambia bomba la chini lisizibwe kamwe, maji yawe yanatoka polepole. Tulipiga makofi sana. Kumbe watu walikuwa wanasubiri soda.

Wiki iliyopita Desderius akaliziba bomba kwa nje, kwa kipande cha mgomba. Maji yakapanda taratibu mno, akina mama wakaambiwa wabebe madumu ya maji waongezee. Wakachote wapi? Kwenye kijito kinachotoka bwawani. Kijito kimekauka. Kwa nini kimekauka? Bomba limezibwa! Wakahamia kisima cha jirani yetu Nikuze. Mtu mwingine akaleta kambale wawili kwenye ndoo, akawamwaga bwawani, eti wachangamshe picha za mgeni.

Leo, siku ya uzinduzi, saa nne wingu likatokea upande wa Nyakakika. Mvua ikapiga saa nzima. Maji yakabakiza shubiri moja kufika juu ya tuta, na watu wanashangilia, "Linajaa! Linajaa!" Mgeni hajafika.

"Nalizibua," nikasema.

"Gusa bomba la serikali uone!"

Nikamgeukia mtendaji wa kijiji, dada Benitha, amejikunyata na mwavuli wake. "Dada, tuta linaloa, litaondoka na kibanja changu."

"Pole, Elick. Ila bomba lina utaratibu. Andika barua."

"Inajibiwa lini?"

"Siku kumi na nne za kazi."

Nikashuka kuliangalia hilo bomba. Ule mgomba una kovu la panga, nililitia mwenyewe mwezi uliopita nikikata majani ya kufunikia ndizi za pombe. Nikachungulia kibanjani. Kisiki kibichi, mkungu mchanga umetupwa pembeni.

"Mwenyekiti! Mgomba huu umeukata wapi?"

"Hapo... hapo chini."

"Kwangu!"

Waliokuwa wakishangilia wakatugeukia. Kwetu mtu akikukatia mgomba bila ruhusa, mnaweza msisalimiane miaka mitano.

"Dada Benitha, kuchukua mgomba wangu nako kunataka barua?"

Akafikiri kweli, maji ya mwavuli yanamchuruzika mgongoni. "Hapana. Mgomba siyo mali ya serikali."

Nikaukumbatia, nikauvuta. Ukachomoka na mimi nikaanguka chali, kambale mmoja akanipita usoni. Maji yakafuata, yakaingia kijitoni yanakopita siku zote. Juu ya tuta gari la mgeni likapiga honi.

"Elick!" Desderius analia kabisa. "Rudisha, mwanangu, dakika kumi tu! Apige picha!"

"Nirudishe nini, mzee? Bomba lenu hilo hapo, sijaligusa."

Nikauweka mgomba wangu begani, nikageuka, nikashuka zangu kibanjani.