Walsi ya Daktari wa Meno

Tangu apate kiharusi, mke wa daktari wa meno hakuwa amegusa piano yake. Alikuwa amefundisha nusu ya watoto wa mtaa ule, na waliomwogopa walikuwa wengi kuliko waliofika mwisho wa masomo. Sasa mkono wake wa kulia ulilala tu mapajani, wala hakutaka piano itajwe mbele yake.

Mumewe, aliyekwisha kustaafu, akaanza kujifunza kwa siri. Jumamosi moja baada ya chai, akainua kifuniko cha piano.

"Unatafuta nini humo?" mkewe akauliza.

"Tulia, mama watoto. Sikiliza."

Akapiga wimbo wa kubembeleza mtoto, kisha walsi fupi, muziki wa dansi wa mapigo matatu. Alipomaliza, jasho linamtiririka, akageuka kungoja pongezi.

"Nani kakufundisha?"

"Yule binti wa duka la dawa. Si alikuwa mwanafunzi wako?"

"Basi nilimfundisha vibaya. Huo wa kwanza, mtoto gani atalala? Unagonga kama unang'oa gego!"

"Na walsi?"

Mama akafikiri kidogo. "Walsi afadhali. Mkono wa kulia unaimba, sikatai. Wa kushoto ndio unachechemea. Moja nzito, mbili na tatu nyepesi. Wewe zote unazitwanga sawasawa."

Mzee akarudia.

"Sivyo."

Akarudia tena.

"Sivyo, baba! Hebu sogea huko!"

Akashika fimbo yake, akajikokota hadi kwenye benchi, akaketi kando ya mumewe. Mkono wake wa kushoto ukashuka: moja, mbili, tatu. Sauti ikatoka laini, bila wasiwasi. Mzee akaondoa mikono yake kwenye piano, akamsikiliza. Mama naye akasita, akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mgeni.

"Mbona umenyamaza?" akasema. "Hiyo sehemu ya kulia nani ataipiga?"

Mzee akaingia na mkono wake wa kulia. Katikati wakapotezana, wakabishana ni nani aliyekosea, wakaanza upya mpaka wakafika mwisho. Mama akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akamwegemea mumewe begani.

"Umekosea wewe," akasema.

"Haya, mimi."

Jioni hiyo Mama akampigia simu binti wa duka la dawa.

"Asante sana, mwanangu. Ila huyu mzee kuanzia leo namchukua mwenyewe."